Mteremko Mkubwa, Maji Haba: Umeme Mdogo wa Maji na Nyanda za Mbulu na Hanang

Msafiri atokaye Mbulu mjini kwa barabara ya Magara hufika mahali ambapo nchi hukatika ghafla. Nyuma yake ameacha vilima vya nyanda za juu, mashamba ya mahindi na maharage, na ukungu wa asubuhi. Mbele yake, chini sana, Ziwa Manyara hung'aa katika Bonde la Ufa. Mji wa Mbulu uko kwenye mwinuko wa mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari, na uso wa ziwa uko kwenye mita zipatazo 960. Kwa hiyo kila tone litokalo ukingoni mwa nyanda hizo na kufika ziwani limeshuka mamia ya mita. Upande wa kusini, Mlima Hanang, ambao ni volkano ya zamani, hupanda hadi mita zipatazo 3,420, na miguuni pake uko mji wa Katesh.

Mwanafunzi aliyekwisha kusoma habari za nishati katika somo la fizikia akiitazama nchi hii huuliza swali la haki: ikiwa maji yanaanguka kiasi hicho, kwa nini mji au kijiji kisijijengee mtambo wake mdogo wa umeme? Mwalimu akijibu upesi kwamba inawezekana, atakuwa amesema nusu ya ukweli. Akijibu kwamba haiwezekani, atakuwa amekosea pia. Jibu la kweli hupatikana kwa kupima na kuhesabu, na hesabu yenyewe haizidi uwezo wa mwanafunzi wa kidato cha pili.

Makala haya yanaeleza jinsi mtambo mdogo wa umeme wa maji unavyofanya kazi, jinsi ya kuukadiria uwezo wa kijito, na mambo ambayo halmashauri, shule au chama cha wananchi hakina budi kuyafahamu kabla ya kutumbukiza fedha zake mtoni.

Nguvu hutoka wapi

Maji yaliyoko juu ya mlima yana nishati kwa sababu ya mahali yalipo. Jua ndilo lililoyapandisha huko, kwa kuyageuza kuwa mvuke na kuyarudisha kwa mvua. Yanaposhuka, mvutano wa ardhi huyaharakisha. Katika kijito cha kawaida nishati hiyo hupotea njiani: maji hugonga mawe, huchimba udongo, hufanya povu na kelele, na hatimaye hupata joto kidogo sana lisiloonekana. Mtambo wa umeme hauumbi nishati mpya. Unachofanya ni kuyazuia maji yasipoteze nishati yake ovyo, na kuifikisha nishati hiyo mahali pamoja inapoweza kutumika.

Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Ikishuka mita moja hutoa nishati ya jouli 9.8. Lita moja ikishuka mita moja katika kila sekunde, tunapata nguvu ya wati 9.8. Kutokana na hayo tunapata kanuni ambayo ndiyo msingi wa somo hili lote:

Nguvu (wati) = 9.8 × mtiririko (lita kwa sekunde) × kimo (mita).

Mtiririko ni kiasi cha maji kinachopita kila sekunde. Kimo ni tofauti ya wima kati ya mahali maji yanapoingia katika bomba na mahali yanapotumika. Msomaji aangalie kwamba urefu wa bomba haumo katika kanuni. Bomba la mita 100 katika mteremko mkali laweza kutoa nguvu zaidi ya bomba la mita 1,000 katika mteremko wa pole.

Hata hivyo, si nguvu yote hiyo hufika katika taa. Maji hukwaruzana na bomba, na hapo tunaweza kubakiwa na asilimia 90. Gurudumu la maji hushika labda asilimia 80 ya hiyo iliyobaki. Jenereta hugeuza asilimia 90 ya ile iliyopokea. Waya hufikisha asilimia 95. Tukizidisha 0.9 × 0.8 × 0.9 × 0.95 tunapata 0.62 hivi. Kwa hiyo katika mtambo mdogo uliojengwa vizuri, sehemu sita tu katika kumi humfikia mtumiaji. Kwa makadirio ya haraka, mafundi huacha 9.8 na kutumia 6. Nasi tutafanya hivyo.

Viungo vya mtambo

Mtambo mdogo ulio wa kawaida hauna bwawa kubwa. Mtoni hujengwa banio, yaani ukuta mfupi wa kuinua maji kidogo na kuyaelekeza pembeni, kama yale yajengwayo na wakulima wa umwagiliaji. Maji huingia katika mfereji unaofuata ubavu wa mlima kwa mteremko mdogo sana, ili kimo kisipotee bure. Mwisho wa mfereji kuna birika la kutulizia maji, ambamo mchanga hutuama na majani huzuiwa na wavu wa nondo. Kutoka hapo bomba la kushushia maji hutelemka hadi nyumba ya mitambo, iliyo kando ya mto huo huo kule chini. Maji yakiisha kufanya kazi hurudi mtoni, bila kupunguka hata lita moja.

Ndani ya nyumba hiyo kuna gurudumu la maji la kisasa liitwalo tabaini. Ziko za namna nyingi, nazo huchaguliwa kwa kutazama kimo na mtiririko. Penye kimo kikubwa na maji kidogo hutumika ile iliyobuniwa Marekani na Lester Pelton, aliyepata hataza yake mwaka 1880: maji hutoka kwa kasi katika mdomo mwembamba na kupiga vikombe vilivyopangwa kuzunguka gurudumu. Penye kimo cha wastani hutumika tabaini ya Francis, au ile ambayo maji hupenya kati ya mapanga yake mara mbili, wakati wa kuingia na wakati wa kutoka. Hiyo ya mwisho hupendwa sana vijijini kwa sababu karakana ya kawaida yenye wachomeleaji hodari yaweza kuitengeneza. Penye maji mengi na kimo kidogo hutumika ya Kaplan, yenye mapanga kama ya rafadha ya meli.

Tabaini huzungusha jenereta. Kanuni ya jenereta iligunduliwa na Michael Faraday mwaka 1831: sumaku ikisogezwa karibu na koili ya waya, umeme huzaliwa katika waya huo. Dinamo ya baiskeli ni jenereta kamili kwa umbo dogo, na mwalimu asiyekuwa na kifaa kingine anaweza kufundishia hiyo. Mwanafunzi azungushe gurudumu taa ikiwa haijaunganishwa, kisha aiunganishe. Mara moja atasikia gurudumu limekuwa zito. Uzito huo ndio mzigo. Taa ikiwaka, mkono hulipa.

Jambo hilo hilo huleta shida katika mtambo. Watu wakizima taa kwa pamoja, mzigo hupungua, tabaini hukimbia, na umeme unaotoka hupanda kiasi cha kuunguza vyombo. Umeme wetu hutakiwa kubadili mwelekeo kwa mizunguko 50 kila sekunde, wala usipotoke sana hapo. Kwa hiyo mtambo huwekewa kidhibiti mwendo kinachopunguza maji. Katika mitambo midogo ya siku hizi kidhibiti cha kielektroniki huacha maji yaende vilevile, lakini hupeleka umeme usiotakiwa katika vipasha joto vilivyozamishwa ndani ya tangi la maji. Watu wakiwasha taa, tangi hupoa. Wakizizima, tangi huchemka. Tabaini haitambui tofauti.

Kupima kijito: mfano wa hesabu

Tuchukue mfano wa kijito cha kubuni kinachoshuka katika ukingo wa nyanda hizi. Tarakimu ni za mfano tu, lakini njia ya kuzipata ndiyo ile itumikayo.

Mwezi wa Aprili wanafunzi wanachagua sehemu iliyonyooka ya kijito. Upana ni mita 1.2. Wanapima kina mahali kadhaa kwa fimbo yenye alama na kupata wastani wa mita 0.25. Eneo la mkato wa maji ni 1.2 × 0.25, yaani mita za mraba 0.3. Kisha wanatupa kipande cha ubao na kukiona kikisafiri mita 10 kwa sekunde 20, yaani mita 0.5 kwa sekunde. Lakini maji ya juu hukimbia kuliko ya chini, yanayokwaruzana na mawe. Kwa hiyo wanazidisha kwa 0.7 na kupata 0.35. Mtiririko ni 0.3 × 0.35, sawa na mita za ujazo 0.105 kwa sekunde, yaani lita 105.

Ili kupata kimo wanachukua mpira mwembamba unaopitisha mwanga, wanaujaza maji, na kushuka mteremko hatua kwa hatua na fimbo mbili zenye vipimo. Maji yaliyo katika ncha mbili za mpira hukaa usawa mmoja daima. Tofauti ya vipimo vya fimbo mbili ni kimo cha hatua hiyo. Wanajumlisha hatua zote na kupata mita 40.

Nguvu ni 105 × 40 × 6, yaani wati 25,200. Ni kilowati 25. Zikigawanywa katika nyumba 250, kila nyumba hupata wati 100 kwa wakati mmoja: taa kadhaa za kisasa, redio, na chaji ya simu. Mchana, nyumba zikiwa na matumizi madogo, nguvu hiyo yaweza kuendesha mota ya mashine ya kusaga ya nguvu farasi 15, inayohitaji kilowati 11 hivi, na bado ikabaki ya zahanati na karakana ya useremala.

Hapa ndipo wengi hufurahi na kuifunga hesabu. Lakini nyanda hizi zina msimu mmoja mrefu wa kiangazi, kuanzia Juni hadi Oktoba. Wanafunzi wale wale wakirudi mwishoni mwa Septemba wanakuta upana mita 0.6, kina mita 0.08, na ubao unaosafiri mita 10 kwa sekunde 40. Eneo ni mita za mraba 0.048, mwendo uliosahihishwa ni mita 0.175 kwa sekunde. Mtiririko ni lita 8.4. Kwa kuhakikisha, wanayaelekeza maji yote katika pipa la lita 200, nalo linajaa kwa sekunde 24 hivi. Kipimo ni sahihi.

Nguvu sasa ni 8.4 × 40 × 6, yaani wati 2,016. Zikigawanywa katika nyumba zile 250, kila moja hupata wati 8: taa moja. Na bado hatujawaachia watu na mifugo maji katika sehemu ya kijito iliyo kati ya banio na nyumba ya mitambo. Tukiwaachia lita 3 kwa sekunde, nguvu hushuka hadi wati 1,296. Mtambo ulionunuliwa kwa kipimo cha Aprili utakuwa umekaa bure kwa miezi kadhaa, na mkopo wake hautakaa bure.

Tujenge bwawa?

Jibu la kwanza limjialo mtu ni bwawa. Tulihesabu pia. Tuseme tunataka kuongeza lita 20 tu kwa sekunde katika siku 150 za kiangazi. Siku moja ina sekunde 86,400. Kwa hiyo tunahitaji 0.02 × 86,400 × 150, yaani mita za ujazo 259,200. Tukilijenga bwawa hilo juu ya eneo la uwanja wa mpira wa mita 100 kwa 64, kina chake kitapita mita 40. Wala hatujahesabu maji yatakayonyauka kwa jua na upepo, wala udongo utakaolijaza. Kwa mtambo wa kilowati chache, hesabu hiyo haikubali.

Lakini kuna bwawa dogo linalokubali, yaani birika la siku moja. Watu huhitaji umeme zaidi kuanzia saa kumi na mbili jioni. Tukiyakusanya maji ya lita 5.4 kwa sekunde kwa saa 18, tunapata mita za ujazo 350: birika la mita 10 kwa 17.5, lenye kina cha mita 2. Maji hayo, pamoja na yale yanayoendelea kuingia, yakitumiwa kwa saa 6 za jioni, mtiririko huwa lita 21.6 na nguvu hupanda kutoka wati 1,296 hadi wati 5,184. Nishati ya siku nzima haikuongezeka. Imesogezwa tu hadi saa inapotakiwa. Kuhifadhi maji ya siku moja ni kazi ya waashi wa kijiji. Kuhifadhi ya msimu ni kazi ya mabwawa ya Taifa, kama Mtera na lile la Julius Nyerere katika mto Rufiji, ambalo mitambo yake tisa ina uwezo wa megawati 2,115.

Njia ya pili imo katika kanuni yenyewe. Nguvu ni mtiririko mara kimo, na katika nchi hii kinachopatikana kwa wingi ni kimo. Lita zile 8.4 zikiteremshwa mita 200 badala ya 40, nguvu huwa wati 10,080. Kijito kile kile cha kiangazi sasa kina thamani mara tano. Huo ndio utajiri wa ukingo wa Bonde la Ufa: maji haba, mteremko mkubwa.

Utajiri huo nao una bei yake. Kila mita 10 za kimo huongeza kanieneo inayokaribia ile ya hewa ituzungukayo. Bomba la mita 200 hubeba mara 20 ya hiyo, hivyo sehemu yake ya chini hutaka chuma kizuri na viungo imara. Maji yatokayo katika mdomo wa mwisho hukimbia mita 63 hivi kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 220 kwa saa. Kwa mwendo huo punje ya mchanga hula chuma kama msasa. Birika la kutuamisha mchanga, ambalo katika mtambo wa kimo kidogo laweza kudharauliwa kwa muda, hapa ni uhai wa tabaini.

Ardhi, msitu na mlima

Mito ya nyanda hizi haifiki baharini. Ile ya mashariki huteremkia Ziwa Manyara; ya magharibi huelekea bonde la Yaeda na Ziwa Eyasi; na mto Bubu huenda kusini hadi mbuga ya Bahi. Kwa hiyo huko chini maji hayo tayari yana wenyewe: wakulima wa umwagiliaji, wafugaji, wavuvi, na wanyama wa pori. Sheria ya mwaka 2009 ya usimamizi wa rasilimali za maji inataka kibali kabla ya kuyachepusha, nacho hutolewa na Bodi ya Maji ya bonde linalohusika.

Swali la kiangazi hujibiwa pia juu milimani. Katika msitu wa Nou, ulio ukingoni mwa nyanda, mvua huangukia majani, kisha mboji, kisha udongo wenye matundu ya mizizi. Sehemu kubwa huzama na kutoka polepole katika chemchemi miezi mingi baadaye. Juu ya ardhi iliyokanyagwa na kuachwa wazi, mvua ile ile hukimbia yote kwa siku moja, ikibeba udongo. Wastani wa maji kwa mwaka waweza kuwa sawa katika mahali pote pawili, lakini kipimo cha Septemba hakitakuwa sawa, na mtambo huishi kwa kipimo cha Septemba. Tusidhani, hata hivyo, kwamba mti wowote unafaa mahali popote. Miti nayo hunywa. Mikaratusi iliyopandwa karibu na chemchemi yaweza kupunguza yale maji tunayotaka kuyalinda. Wairaqw wa Kainam, ambao kwa vizazi vingi wamelima miteremko mikali kwa matuta na samadi huku wakiyaacha mabonde yenye maji kuwa malisho, wanatuonyesha kwamba kulima na kutunza maji vyaweza kwenda pamoja katika nchi yenye watu wengi.

Mlima Hanang unatupa funzo jingine. Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya ubavu wa mlima iliyokuwa imelowa maji ilimeguka. Tope, mawe na magogo yalifuata njia za maji hadi Katesh na vijiji vya jirani, na zaidi ya watu 80 walipoteza maisha. Njia za maji ambazo kwa miaka mingi zilionekana kuwa vijito vidogo zilipitisha kwa muda mfupi mzigo ambao hakuna banio lingeweza kuuhimili. Anayechagua mahali pa kujenga nyumba ya mitambo, na zaidi sana nyumba za watu, hana budi kupima mambo mawili: maji madogo kabisa ya kiangazi, na maji makubwa kabisa yaliyowahi kupita. La kwanza hupimwa kwa pipa. La pili husomwa katika mawe makubwa yaliyotelekezwa kingoni na katika kumbukumbu za wazee.

Mtambo ni wa nani

Mwaka 1881 mji mdogo wa Godalming nchini Uingereza uliwasha taa za barabarani kwa umeme wa gurudumu la maji lililokuwa katika mto Wey. Ulikuwa miongoni mwa miji ya kwanza duniani kuuza umeme kwa wananchi. Lakini mto ulipofurika gurudumu halikuweza kutegemewa, ikabidi kuleta injini ya mvuke. Na wateja wa majumbani walikuwa wachache mno. Mwaka 1884 mji ulirudia taa za gesi. Kaskazini kabisa mwa Norwei, mji wa Hammerfest uliungua mwaka 1890. Mwaka uliofuata ulikuwa na taa za barabarani za umeme wa maji. Miji hiyo miwili ilitumia elimu ile ile ya fizikia. Mto, wateja na utunzaji ndivyo vilivyotofautiana.

Katika nchi yetu, kampuni ya TANESCO iliundwa mwaka 1931, na mwaka 1936 mtambo wa maporomoko ya Pangani ulianza kuihudumia Tanga na mashamba ya mkonge. Serikali ilinunua hisa za makampuni ya umeme mwaka 1964, na mwaka 1975 ikawa mmiliki pekee. Wakati huohuo misheni nyingi za kusini na za kaskazini zilijijengea mitambo midogo kwa ajili ya hospitali, shule na karakana zao.

Mifano miwili inastahili kutazamwa na halmashauri yoyote yenye nia hiyo. Wa kwanza ni Kikuletwa, wilayani Hai, mtambo wa miaka ya 1930 uliokuwa na uwezo wa kilowati zipatazo 1,160. Maji yake hutoka katika chemchemi za kudumu zilishwazo na milima mikubwa, na hata hivyo mitambo ilikuja kusimama. Maji peke yake hayatoshi kuuweka mtambo hai. Mahali hapo baadaye palikabidhiwa Chuo cha Ufundi Arusha ili kufundishia nishati jadidifu. Wa pili ni Mawengi, wilayani Ludewa, mtambo wa kilowati 300 uliojengwa kwa msaada wa shirika la ACRA la Italia na kukabidhiwa chama cha watumiaji kiitwacho LUMAMA, jina lililotungwa kutokana na Lupande, Madunda na Mawengi. Huko wenye mtambo ndio wanaoulipia na ndio wanaoulinda msitu unaoulisha.

Kwa mmiliki, hesabu ya fedha hufuata hesabu ya saa. Kilowati 25 zikitumika mfululizo huzaa yuniti 600 kwa siku. Zikitumika saa nne za jioni tu huzaa 100, na yuniti 500 hupita mtoni bila kuuzwa. Ndiyo maana mashine ya kusaga, karakana na pampu za maji, zinazotumia umeme mchana, ndizo zinazoulisha mtambo. Bei ya yuniti haina budi kuwa na fungu la kubadilisha mapanga ya tabaini na bearingi miaka ijayo. Mtambo mwingi mdogo haufi kwa kukosa maji. Hufa siku kipuri kidogo kinapovunjika na mfuko ukakutwa mtupu.

Na gridi je? Waya za gridi ya Taifa zinapita Babati, na wengi hufikiri kwamba gridi ikifika mtambo mdogo hauna kazi tena. Kwa nchi yenye kiangazi kirefu, mambo yaweza kuwa kinyume. Tangu Sheria ya Umeme ya mwaka 2008 na taratibu zilizofuata, wazalishaji wadogo wasiozidi megawati 10 wanaweza kuiuzia TANESCO umeme. Mtambo wa kijito chetu ungeuza katika miezi ya mvua, na watumiaji wangenunua katika miezi ya kiangazi. Gridi ingekuwa ndilo lile bwawa la msimu ambalo kijiji hakiwezi kulijenga.

Kazi kwa walimu na wanafunzi

Wajenzi wengi hukosa kitu kimoja ambacho shule inaweza kukitoa bila gharama kubwa: daftari la vipimo. Shule iliyo karibu na kijito ichague mahali pamoja, ipigilie kigingi chenye alama za sentimeta, na kupima mtiririko kila wiki, saa ileile, pamoja na mvua iliyonyesha. Mwaka mmoja utaonyesha umbo la msimu. Miaka mitano itaonyesha tofauti ya mwaka wa mvua na mwaka wa ukame. Miaka kumi itakuwa hazina ambayo mhandisi yeyote atakayekuja ataiomba kabla ya kufungua ramani zake.

Maswali matatu ya kufanyia mazoezi: (1) Kijito chenye lita 12 kwa sekunde kikishuka mita 90 kitatoa wati ngapi kwa kutumia kigawe cha 6? (2) Umeme uleule ukisafirishwa kwa volti zilizozidishwa mara kumi, mkondo hupungua kuwa sehemu ya kumi. Upotevu katika waya, ambao hufuata kipeo cha pili cha mkondo, hupungua kuwa sehemu ya ngapi? (3) Katika kijito kilicho karibu nawe, ni nani hutumia maji kati ya mahali pa banio na mahali pa nyumba ya mitambo, na katika mwezi upi wanayahitaji zaidi?

Majibu ya maswali mawili ya kwanza ni wati 6,480, na sehemu ya mia moja. La tatu halijibiwi darasani. Mwanafunzi hana budi kushuka mtoni na kuuliza.